Kwa mnaoanza kazi dukani: shoti ya kwanza iseme usiku huohuo

Bwana Yesu asifiwe wadogo zangu. Haya nawaandikia ninyi ambao ndo mmepata kazi ya kwanza, dukani, stoo, kwenye kibanda cha wakala, popote pale unapokabidhiwa funguo na droo ya hela ambayo si yako. Mimi nimeuza nafaka Tandale hapa Dar miaka 11, nilianza kwa kufagia na kushona viroba, nikaja kuwekwa kwenye mizani, sasa hivi ndo nashika daftari na kuwapokea wageni. Kuna mambo natamani sana mtu angenikalisha chini akaniambia mwezi ule wa kwanza.

Kanisani tumefundishwa usiibe tangu Sunday school na wote tunaijua, na sijawahi kuona kijana wa Kikristo anaamka asubuhi anapiga magoti anaomba halafu anasema leo naenda kuiba. Ila dukani wizi hauji na sura ya wizi, unakuja na sura ya kesho. Kesho ntarudisha. Kesho ntamwambia bosi. Akiuliza ntampa. Ukiondoa hilo neno kesho kwenye kazi hii, dhambi nyingi sana zinakosa pa kukaa.

Nawapa ya kwangu. Nilikuwa na mwezi wa tatu tu kwenye mizani, jioni moja nafunga hesabu naona shoti, yaani hela pungufu kwenye droo, ya 6,000. Sikuiba, nadhani kuna mtu alitoa noti ya elfu tano mimi nikamrudishia kama katoa elfu kumi, na nyingine sijui ilipotelea wapi, foleni ilikuwa kubwa mwisho wa mwezi. Sasa badala ya kusema nikaogopa, nikasema kesho ntaifidia. Kesho yake nikauza kilo 3 za mchele bila kuandika nikaziba lile pengo, hesabu ya hela ikakaa sawa, nikalala vizuri kabisa. Lakini sasa mchele ukawa pungufu stoo, ikabidi niandike gunia lilikuja na uzito mdogo, ambao ni uongo, halafu kwa kuwa njia nilishaijua, wiki iliyofuata nilipokosa nauli nikaipita tena njia ileile nikijiambia nakopa. Baada ya wiki tatu nilikaa nikapiga hesabu peke yangu nikakuta ni 41,000, na kilichoniumiza zaidi nilikuwa siwezi tena kutenganisha ipi nimepoteza na ipi nimeiba.

Nilimwambia bosi wangu Jumamosi jioni tukiwa tunafunga. Ni mama mmoja mkali, hana maneno mengi. Nikamwamkia, nikasimama pale nikaeleza yote. Alinyamaza akiendelea kufunga noti na raba bendi, halafu akasema, mwanangu, ile elfu sita ungeniambia siku ileile ningekukata au ningekusamehe, sasa hii elfu arobaini na moja nikuiteje? Sikuwa na jibu na mpaka leo sina. Alinikata elfu kumi kila mwezi kwa miezi minne, ile elfu moja ya mwisho akaniachia. Kazi hakunifukuza, ila alininyang'anya funguo ya stoo na ilirudi kwangu baada ya mwaka na nusu, na ule mwaka na nusu nilistahili.

Kwa hiyo dogo, ukipata shoti, iseme usiku huohuo hata kama ni 500. Utakatwa, ndio, na mshahara wenyewe tunaujua ulivyo, inauma. Zaburi ya 15 inapomtaja mtu atakayekaa hemani mwa Bwana kuna sehemu inasema ni yule aliyeapa na hata ikimletea hasara habadilishi maneno yake, yaani uaminifu wenyewe umetajwa pamoja na hasara, haujatajwa na faida. Na ikizidi pia iseme, maana wengi tunasema shoti tunanyamazia ziada, wakati ziada ni chenji ya mama wa watu huko mtaani anajiuliza hela yake imeanguka wapi.

Na kuna vitu vidogo vya mikono vinasaidia kuliko hata kuomba usipate majaribu. Asubuhi hesabu hela ya kuanzia mbele ya mtu mwingine, iandike, wote wawili mweke sahihi. Hela yako binafsi isiingie kwenye aproni ya kazi, iache kwenye begi. Noti ya mteja usiitumbukize kwenye droo mpaka apokee chenji yake aihesabu, iache juu ya meza mnaiona wote, hapo hakuna tena nilikupa kumi ulinipa tano. Na kila kinachotoka kiandike wakati kinatoka, sio jioni, kichwa cha jioni kimechoka na kinakuwa upande wako siku zote.

Sasa mizani. Hapa naomba mnisikilize vizuri kwa sababu ndo dhambi ambayo sisi wauzaji hatuioni kabisa. Ile mizani ya saa ikishatumika sana mshale haurudi kwenye sifuri, unasimama mbele kidogo, gramu 50 hivi, na ukikaa usawa wa mteja wala hauonekani, anauona aliyesimama nyuma, yaani wewe. Gramu 50 ni nini? Ni kama konzi dogo la mchele. Ila ukihudumia watu 100 kwa siku hizo ni kilo 5, mchele wa 2,500 ni 12,500 kila siku, umeichukua kwa watu ambao wengi wamekuja kununua nusu kilo kwa sababu hawana hela ya kilo. Anayepunjika zaidi ni yule wa nusu kilo maana gramu 50 kwake ni sehemu ya kumi ya chakula chote alichonunua. Nikilifikiria hilo naelewa kwa nini Mithali haikusema mizani ya hadaa ni kosa, imesema ni chukizo.

Hili nilifundishwa na mzee mmoja Mwislamu, kuli wa siku nyingi pale sokoni. Kila asubuhi kabla hatujafungua alikuwa anapita kwenye mizani yangu anainama macho yanalingana na kile kioo, anagusa sahani kwa kidole, anaachia, anasubiri mshale utulie. Usipotulia kwenye sifuri anakuambia kijana rekebisha. Siku moja nikamuuliza mzee wewe duka si lako mizani si yako unahangaika nini, akaniambia kwenye Kurani kuna sura nzima imeanza kwa kuwaonya wanaopunja vipimo. Nikakumbuka na kwetu Kumbukumbu la Torati 25 inakataza kuwa na mawe mawili ya kupimia mfukoni, kubwa na dogo. Nimeisoma Biblia tangu utoto ila aliyenifundisha kuinama kuangalia mshale ni mzee huyu, Mungu amlinde.

Watu wa Wakala wa Vipimo wanakuja mara moja kwa mwaka wanakagua na kubandika stika, na watu wengi wanadhani stika ndo uaminifu. Stika ni ya siku ile waliyokuja. Siku nyingine zote zilizobaki ni wewe na mshale wako. Na lumbesa vilevile, sheria inasema gunia la mazao lisizidi kilo 100, lakini ukienda shamba unakuta mkulima analazimishwa ajaze mpaka lishonewe kofia juu na analipwa kama gunia moja. Ukitumwa kununua mzigo na ukaambiwa beba lumbesa, sema mapema kwamba hiyo huwezi kabla hujapanda gari, sio ufike kule shambani ndo uanze kuona aibu mbele ya mkulima aliyelima miezi sita.

Siku hizi hela nyingi inaingia kwa simu na huko nako kuna kesho yake. Mteja anataka kulipa 18,500 kidole kinateleza anatuma 185,000, kaondoka, hajui. Wewe meseji umeiona. Ilinitokea, na nilikaa nayo siku mbili nikisema moyoni akidai ntampa, nikajiona mwaminifu kabisa kwa sababu sikuitumia. Siku ya pili usiku nikaisoma ile Kumbukumbu la Torati 22, inasema ukikuta ng'ombe wa ndugu yako amepotea usijifanye hujamwona, mrudishe, na kama humjui mwenyewe basi mtunze mpaka aje kumtafuta. Sasa mimi mwenye ng'ombe nilikuwa namjua, namba yake na jina lake vyote viko kwenye meseji! Kusubiri adai ilikuwa ni kujifanya sijaona tu. Asubuhi nikampigia. Kumbe ilikuwa hela ya ada, alishagombana na mkewe siku mbili nzima kila mmoja anadhani mwenzake ndo kachukua. Hizo siku mbili za ugomvi nilizileta mimi. Kwa hiyo ukiiona piga simu saa hiyohiyo, na mwambie na bosi, maana hela iliingia kwenye lipa namba ya duka.

Kuna hili la risiti ya juu, litakukuta mapema tu. Anakuja mtu kununua kwa ajili ya taasisi, anataka kilo 300, mmeelewana 2,400, halafu anakuambia dogo niandikie 2,700 hiyo tofauti tutagawana. Ni 90,000 hiyo, na yeye ndo anaidai risiti kwa hiyo inaonekana kama unamhudumia mteja. Wa kwangu alikuwa ananunua kwa ajili ya kongamano la kanisa, na tulikuwa tunaitana mtumishi! Nilimwambia mtumishi mimi naandika bei niliyouza, akacheka akasema wewe bado mgeni mjini, akaenda duka la pili, akaandikiwa. Gari likapakia pale nikiwa naangalia. Bosi akaniuliza yule mteja mbona kaondoka nikamweleza, akaguna tu. Sikupata baraka yoyote siku ile, hakuja mteja mwingine mkubwa kufidia, na nasema hivi kwa sababu mnasikia shuhuda nyingi za mtu alikataa rushwa asubuhi jioni akapigiwa simu ya tenda, mkija kazini mkakataa na simu isipigwe msidhani Mungu hakuona au mmekosea. Yohana Mbatizaji watoza ushuru walipomuuliza tufanye nini hakuwaahidi kitu, aliwaambia tu msidai zaidi ya mlichoamriwa, na askari akawaambia mtosheke na mishahara yenu. Basi.

Jibu la risiti ya juu liandae nyumbani. Pale dukani mteja amesimama, kuli wanasubiri kupakia, hutapata maneno. Langu ni hilohilo, naandika bei niliyouza, nalisema kwa heshima na sihubiri, kwa sababu nimegundua ukianza kumhubiria mtu anakasirika na mimi mwenyewe naanza kujiona mtakatifu.

Ndugu wa kanisani wakijua unafanya kazi duka la nafaka watakuja. Mpendwa nipe kilo 10 mwisho wa mwezi nalipa. Mchele sio wako, huwezi kutoa huruma kwa mali ya mtu mwingine. Kama umeguswa, toa hela yako mfukoni umnunulie kilo 2, hiyo ndo sadaka.

Na muda pia ni mali ya bosi. Ukienda morning glori, yale maombi ya asubuhi kanisani, ukafika kazini saa mbili na nusu wakati mlikubaliana saa moja, au maombi ya mchana yakavuta mpaka saa nane na nusu mwenzako akiwa peke yake na foleni, huyo mwenzako hata kama hasemi anaanza kuuchukia wokovu wako. Omba ruhusa, fidia jioni, au amka alfajiri uombe nyumbani.

Kuna mstari mmoja nimeuandika nyuma ya daftari la stoo, 2 Wafalme 12:15. Ni wakati wa mfalme Yoashi wanakarabati nyumba ya Bwana, hela inatolewa kuwalipa maseremala na waashi, na inasemekana wale waliokabidhiwa hela hawakudaiwa hesabu kwa sababu walitenda kwa uaminifu. Hata majina yao hayajaandikwa. Mimi kwetu hesabu tunadai kila jioni, na wewe idai na kubali kudaiwa, usijisikie vibaya ukikaguliwa, kukaguliwa ndo kunakulinda siku jina lako likitajwa vibaya. Ila huwa nawafikiria sana wale watu.

Wiki iliyopita tumepokea kijana mpya kutoka Morogoro, mpole, anaimba kwaya. Juzi saa tatu usiku napigiwa simu, nipo nyumbani nakula. Shikamoo kaka, samahani nakusumbua. Nikamwambia marahaba, kuna nini. Akanyamaza kidogo, nasikia daladala zinapita nyuma yake, kumbe hakuwa hata ameondoka dukani. Akasema kaka nimehesabu mara tatu, nina shoti ya 3,500. Nikamuuliza umeiandika? Akasema nimeiandika, nimeweka na sahihi. Nikamwambia haya funga, nenda ukalale, kesho tutaiangalia pamoja.