Maswali ya wasomaji: Mbwa akizaa wanane, pesa inaenda wapi?

SWALI: Daktari, habari. Niko na Jamani Shepadi jike, ana miezi 9 na ameingia joto mara ya kwanza, na jirani hapa Kiamunyi ako na dume safi sana. Watu wananiambia mtoto mmoja anaenda 15,000 na hawa huzaa kama wanane, hiyo si ni 120,000 kwa miezi minne tu? Nishaanza kuipigia hesabu ya karo. Nimpandishe sasa ama ningoje?
Msomaji, Nakuru

JIBU: Ngoja, kaka. Miezi 9 huyo bado ni mtoto, mpe mpaka avuke miaka 2. Na si umri tu, Jamani Shepadi wana shida ya nyonga inayorithiwa, na picha ya eksirei ya kuaminika hupigwa mbwa akifika miezi 24. Huyo dume naye apigwe picha. Mwenye dume akikasirika ukimuuliza hiyo picha, shukuru Mungu na urudi kwako.

Sasa hiyo 120,000 tuikate pole pole. Mara nyingi mwenye dume hachukui pesa, anachukua mtoto mmoja na anachagua wa kwanza, kwa hivyo yule mzuri kabisa ashaenda. Wamebaki saba. Kufa mmoja kati ya wanane si ajabu, mama anaweza kumlalia tu usiku. Sita hao, 90,000, na bado hujanunua hata dawa ya minyoo, ambayo watoto wanaanza wakiwa na wiki 2 kisha kila baada ya wiki mbili, na mama naye anameza.

Mama akinyonyesha watoto wengi anakula mara mbili hata tatu ya kawaida, na si ugali na maji ya mifupa, anataka nyama, omena, mayai. Hapo ndio mtu anakimbilia unga wa mbwa wa bei ya kutupa. Fungua gunia unuse kwanza, kama kunanuka ukungu hayo ni mahindi yaliyoharibika na sumu yake, aflatoksini, inamaliza ini, mbwa anaacha kula, macho yanageuka manjano, siku chache ameenda.

Chanjo ya parvo na distempa, magonjwa ya virusi yanayoua watoto wa mbwa, inaanza wiki ya 6 hadi ya 8 na inarudiwa kila wiki 3 au 4 mpaka wafike wiki 16. Tufanye ni 2,000 kila sindano, hata ukiwauza mapema hiyo ya kwanza ni yako. Watu huiruka ati wanunuzi watachanja wenyewe, halafu mtoto aliyekuwa anacheza asubuhi jioni amejikunja kwa kona, anatapika, anaharisha damu yenye harufu ambayo ukiinusa mara moja hutaisahau, na kesho ni mwenzake. Kila mmoja anataka dripu ya siku kadhaa na wengine wanakufa nayo mkononi. Hiyo ndiyo parvo, na kirusi chake kinakaa kwa udongo miezi na miezi, kwa hivyo banda la simiti linalooshwa kwa jiki si maringo, liingize kwa hesabu.

Siku ya kuzaa uwe na namba ya daktari anayeshika simu usiku. Akisukuma kwa nguvu zaidi ya nusu saa na hakuna kitu, ama masaa mawili yapite na unajua kuna mwingine ndani, usingoje kupambazuke. Operesheni inaweza kumeza bei ya watoto wawili, na hiyo ni kama mama mwenyewe amepona.

Halafu wale hawajanunuliwa baada ya wiki 8 wanaendelea kula, na kadiri wanavyokua ndio bei inashuka. Wakiwa tayari Januari je? Nakuru yote inatafuta karo kama wewe, nani atanunua mbwa?

Kama ni karo unataka, fuga kuku. Kama ni mbwa unapenda, piga picha za nyonga, tafuta wanunuzi walioweka deposti kabla hajapandishwa, ndio tuongee tena.

SWALI: Daktari, shemeji amenipa mbwa wa kienyeji bure, jike wa miezi mitatu. Huyu si hana gharama?
Mama wa Nyalenda, Kisumu

JIBU: Dada, bure ni siku ya kwanza tu. Chanjo ya kichaa cha mbwa anapata sasa hivi kisha kila mwaka. Kaunti mara nyingi huchanja bila malipo karibu na Septemba 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, lakini usimweke mpaka wakati huo. Matumbo ya buchari chemsha kabisa, mabichi yana tegu ambaye anatoka kwa mbwa anaenda kumea uvimbe kwa ini la mtoto.

Akifika miezi 6 hivi mfunge kizazi. Usipofunga, mara mbili kwa mwaka utakuwa na madume ya mtaa mzima kwa geti, na wanaozurura wanapeana uvimbe wa sehemu za siri wakipandana, ambao kutibu ni sindano kila wiki kwa wiki kadhaa. Na akiuma mtoto, hata kwa mchezo na hata kama kadi ya chanjo iko, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kisha hospitali siku hiyo hiyo.