Risasi Ikifika: Kasi, Muundo na Mahali pa Kulenga Mnyama Mkubwa Aliye Mbali

Wawindaji wengi huchagua risasi kwa kuangalia kasi iliyoandikwa kwenye boksi, yaani kasi ya kutoka mtutuni. Mnyama hapigwi na kasi hiyo. Anapigwa na ile iliyobaki baada ya hewa kula sehemu yake, na hiyo iliyobaki ndiyo inayoamua kama kichwa cha risasi kitachanua inavyotakiwa, kitavunjika juu juu, au kitatokea upande wa pili kikiacha tundu jembamba. Mahali pa kulenga panategemea jibu la hilo, hivyo bunduki ile ile yenye risasi ile ile inaweza kukutaka ulenge tofauti kwa mita 60 na kwa mita 400.

Chukua risasi ya kaliba ya .308 Winchester yenye kichwa cha greni 178 (gramu 11.5), chenye umbo refu la kukata hewa, kinachotoka mtutuni kwa mita 790 hivi kwa sekunde. Katika hewa ya usawa wa bahari, kikifika mita 300 na ushee kimeshuka hadi kama mita 610 kwa sekunde. Kwenye mita 400 kimebaki na 560 hivi. Hapo bado kina nguvu ya karibu jouli 1,800, na namba hiyo ndiyo inayowadanganya watu. Mnyama aliyepigwa kifuani hufa kwa sababu damu imemwagika na mapafu yamesinyaa mpaka ubongo ukakosa hewa. Kichwa kisichochanua kinaweza kupita mwilini na kwenda kuzimaliza jouli zake udongoni.

Kwa hiyo namba ya kwanza ya kuitafuta kwa mtengenezaji ni kasi ya chini kabisa ambayo kichwa chake bado kinachanua. Vichwa vya kawaida, vyenye madini ya risasi ndani na koti la shaba nje, vingi vinahitaji karibu mita 550 kwa sekunde, yaani futi 1,800. Vya shaba tupu ni vigumu zaidi, na kwa vingi naona ni busara kutoshuka chini ya mita 610 (futi 2,000) hata kama tangazo linaruhusu chini ya hapo. Vipo vilivyoundwa makusudi kwa masafa marefu, kama AccuBond Long Range ya Nosler, ambayo mtengenezaji anataja kikomo cha futi 1,300, sawa na mita 400 hivi kwa sekunde. Namba hizi kwa kawaida hupatikana kwa kupiga jeli ya majaribio iliyowekwa badala ya nyama. Jeli ni laini na imejaa mwanzo hadi mwisho, ilhali kifua cha mnyama sehemu kubwa ni hewa. Ongeza akiba ya angalau mita 30 kwa sekunde juu ya kikomo kilichotajwa.

Sababu yake ni rahisi. Ncha yenye tundu hufunguliwa na shinikizo la majimaji ya mwili yanayojisukuma ndani ya tundu hilo, na shinikizo hilo linafuata mraba wa kasi: kasi ikipungua nusu, linabaki robo. Ncha ya plastiki husaidia kwa sababu inarudishwa nyuma na kufanya kazi ya kabari. Vichwa vya mashindano vyenye kitundu kidogo sana nchani havikuundwa kwa kazi hii. Kimoja kitapasuka vizuri, kinachofuata kitapita kama sindano, na huwezi kujua kipi kitafanya nini. Usivitumie kwa mnyama, hata vikipiga shabaha kwa usahihi wa ajabu.

Kosa la upande wa pili hutokea karibu. Kichwa laini cha masafa marefu kikitoka kwenye magnamu (risasi yenye baruti nyingi na kasi kubwa) na kugonga mfupa wa bega mita 50 mbele, kwa kasi ya zaidi ya mita 850 kwa sekunde, kinaweza kuvunjika vipande kabla ya kufika mapafuni. Utaona jeraha kubwa la nje, na mnyama akaondoka. Kama porini kwako mnyama anaweza kutokea mita 40 au mita 400, chagua kichwa kinachovumilia pande zote mbili: kilichogandishwa madini yake na koti, au chenye ukuta wa shaba katikati kama Partition ya Nosler, iliyoingia sokoni mwaka 1948, ambayo nusu ya mbele huchanua na nusu ya nyuma huendelea kupenya.

Mahali pa kulenga

Kwa masafa marefu subiri mnyama asimame ubavu. Panda kwa jicho mstari wa mguu wa mbele, usimame kati ya theluthi ya chini na nusu ya kimo cha kifua. Kwa swala wengi wa Afrika moyo na mapafu viko mbele na chini, kati ya mabega, kwa hiyo kulenga "nyuma ya bega" kwa kiganja kizima ni kukaribia ini na tumbo. Kwa paa na kulungu wa Ulaya na Amerika Kaskazini kuna nafasi zaidi nyuma ya bega. Nyumbu na kongoni wana mabega marefu yanayolidanganya jicho. Sehemu kubwa ya kimo kile cha juu ni miiba ya uti wa mgongo na misuli, na anayelenga katikati ya anachokiona hupiga juu.

Sasa unganisha hili na kasi. Kichwa cha shaba kinachofika karibu na kikomo chake kinahitaji kitu kigumu cha kukianzisha. Kipeleke kwenye bega lenyewe. Kichwa laini kwa masafa hayo hayo kinafaa mapafu, nyuma kidogo tu ya bega, kwa sababu kimepungua kasi ya kutosha kisivunjike lakini bado kinachanua. Karibu, geuza: shaba unaweza kuipeleka popote kifuani, laini kiepushe na mfupa.

Mnyama aliyekupa mgongo kimshazari, lenga ili njia ya risasi iishie kwenye bega la upande usiouona. Aliyekuelekea kimshazari, au aliyekutazama moja kwa moja, mwache ageuke. Kichwa cha mnyama na shingo yake usiviguse kwa mbali kabisa. Ubongo ni mdogo, kichwa hakitulii, na taya lililovunjika ni kifo cha siku nyingi.

Sipendi kulenga moyo kwa masafa marefu, ingawa unaua haraka. Uko chini kabisa kifuani, na kosa dogo la kushuka linakuwa mguu uliovunjika. Ukilenga mapafu, kosa la kushuka ni moyo na kosa la mbele ni bega.

Kikomo chako ni kipi

Watu huuliza bunduki fulani inafika wapi. Swali linalofaa ni kosa lako lina ukubwa gani ukilinganisha na duara la moyo na mapafu, ambalo kwa swala wa wastani ni sentimita 20 hadi 25. Rudia mfano wetu wa mita 400. Upepo wa ubavuni wa kilomita 16 kwa saa husogeza risasi karibu sentimita 40. Ukiukadiria vibaya kwa kilomita 5 tu, umekosea zaidi ya sentimita 10. Ukikosea umbali kwa mita 20, risasi itatua kama sentimita 10 juu au chini. Kundi la risasi, yaani mtawanyiko wake kwenye shabaha, la dakika moja ya nyuzi (sehemu moja ya sitini ya nyuzi) lina upana wa sentimita 11.6 hapo, na hilo ni kundi la mezani. Ukiwa umelala juu ya begi, moyo ukidunda baada ya kupanda mlima, hesabu mara mbili. Makosa haya yote hujumlishana.

Kuna moja ambalo hakuna kifaa kinachoweza kulirekebisha: muda. Risasi hiyo inachukua karibu sekunde 0.6 kufika. Mnyama anayetembea polepole, mita moja kwa sekunde, atakuwa amesonga sentimita 60, na risasi uliyoituma mapafuni inaishia tumboni. Anayekula nyasi huchukua hatua bila kukuarifu. Kama kichwa chake kiko chini na mguu wa mbele umeanza kunyanyuka, toa kidole kwenye kifyatulio.

Pima umbali kwa leza. Pima kasi ya risasi zako kwa kronografu kwenye mtutu wako, kwa joto la mahali utakapowinda. Kwenye mita 2,000 juu ya bahari hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 18, hivyo jedwali la pwani litakufanya upige juu. Kwenye mteremko wa nyuzi 30, risasi ya mita 400 za leza hushuka kana kwamba umbali ni mita 346. Vipimo vingi vya leza hukufanyia hesabu hiyo, lakini havikuambii kwamba risasi inayotoka juu inaingia mgongoni na kutokea kwapani, hivyo pointi ya kuingilia inapaswa kupanda. Kichwa kirefu pia kinahitaji mtutu ambao mizingo yake, mifereji ya ndani inayokizungusha kichwa, ina mzunguko wa haraka. Mizingo ikiwa haba, hutikisika angani na huenda kikagonga kimepinda.

Nyati, tembo na simba hawamo kabisa katika mjadala huu. Hao hupigwa karibu, kwa kaliba ambayo nchi kadhaa za Afrika zimeiwekea kiwango cha chini cha .375.

Baada ya mlio

Ingiza risasi nyingine papo hapo ukiwa bado kwenye darubini. Akiwa amesimama, piga tena. Anayeanguka ghafla na kuanza kurusha miguu mara nyingi ameguswa juu ya uti wa mgongo na anaweza kuinuka, kwa hiyo usiache kumlenga. Kabla ya kuondoka weka alama pale ulipolala na chagua mti au jiwe karibu na alipokuwa. Ukifika huko mandhari itaonekana tofauti kabisa, na leza ukiielekeza nyuma kwenye alama yako itakuthibitishia umbali.

Damu ya waridi yenye povu ni mapafu. Subiri nusu saa. Nyekundu iliyokoza, isiyo na povu, ni ini. Saa mbili hadi nne. Majimaji ya kijani au kahawia yenye harufu ni tumbo, nayo yanataka saa sita au zaidi, isipokuwa fisi, mvua au giza havitakuruhusu.

Wakati wa kuchuna, fuata njia ya jeraha kwa kidole tangu ilipoingia hadi ilipotoka, na uandike umbali na kasi uliyokadiria. Tundu la kutokea lenye upana ule ule wa kuingilia, na mapafu yaliyotobolewa bila kuchanika, maana yake kichwa hakikuchanua. Punguza umbali wako wa juu kwa risasi hiyo. Ukikuta vipande vimetawanyika chini ya ngozi na bega halikupenywa, badili aina ya kichwa kabla hujawinda tena kwa masafa ya karibu.