Bembea ya mbao ya Makadara

Swali la jarida wiki hii ni fupi: mchezo gani wa zamani wa viwanja vya starehe ungependa urudi, na kwa nini? Nimeshinda nalo siku tatu, na kila nikiligeuza jibu ni lile lile. Naitaka bembea ya mbao iliyokuwa ikisimamishwa Makadara, Mombasa, siku za Idi, miaka ya 1970 nilipokuwa mtoto.

Kwa asiyeiona, nieleze. Zilichimbiwa nguzo mbili za mti, juu ukalazwa mhimili, na kwenye mhimili zikafungwa mbao ndefu zilizokatizana. Kila ncha ilining'inia kisanduku cha kukaa watoto wawili, watatu wakiwa wembamba. Visanduku vinne, basi. Hapakuwa na injini wala umeme. Chini walisimama vijana wawili, mmoja huku na mmoja kule, vikoi wamevikaza, wakiuvuta ubao unaposhuka na kuusukuma unapopanda. Mti ulikuwa ukilia mlio mmoja kila mzunguko, na mpaka leo nikisikia bawaba kavu ya mlango huona kama nanusa mihogo ya kukaanga, yenye pilipili na ndimu.

Nauli ilikuwa thumuni. Tuliipata kwenye mkono wa Idi: asubuhi ukishavishwa nguo mpya unapita nyumba kwa nyumba kuamkua wazee, na ukifika nyumba ya nne au ya tano sarafu zimeshakuwa nzito. Mamangu alinifungia zangu kwenye ncha ya leso. Baada ya alasiri mtaa mzima ulimiminika Makadara.

Lakini kilichonibaki moyoni ni yule kijana aliyesukuma upande wetu. Jina lake sikupata kulijua. Sote tulimwita Kaka. Kabla hajaanza, alishika kila kisanduku akakitikisa, kisha akatutazama nyuso. Anayecheka aliambiwa, "Wewe leo nakurusha." Anayeogopa aliambiwa akamate ubao na amtazame yeye, asitazame chini.

Idi moja, nikiwa na miaka saba, nilifika juu nikashikwa na hofu. Sauti ilinikauka, hata kulia sikuweza. Kisanduku kilipopita chini aliniona uso. Hakungoja mtu aseme. Aliudandia ubao kwa uzito wake wote, miguu ikiburura, mpaka bembea ikasimama. Visigino vyake viliacha mistari miwili mirefu kwenye mchanga. Akaja mpaka usoni pangu. "Wataka kushuka, au twende polepole?" Nikasema polepole. Basi akaizungusha polepole kwa ajili yangu, na wenzangu waliponuna akawaongezea mzunguko mmoja wa bure.

Hicho ndicho ninachokitamani. Nikiwapeleka wajukuu siku hizi nakuta mashine za umeme na majumba ya kupuliziwa hewa, na watoto wanafurahi, alhamdulillahi. Ila anayeendesha anabonyeza kitufe, kisha anangoja dakika ziishe. Simlaumu, ndivyo mashine ilivyopangwa. Mtoto akitishika huko juu atangoja dakika zake na yeye.

Kwa miaka mingi niliamini bembea yetu ilikuwa ni kuiga, kwa umaskini wetu, yale magurudumu makubwa ya Wazungu. Sivyo, na hili nataka lijulikane. Gurudumu la George Ferris, lile ambalo Waingereza na Wamarekani wanayaita magurudumu yote kwa jina lake, lilifunguliwa Chicago mwaka 1893. Lilikuwa na kimo cha mita 80 hivi na vyumba 36, kila kimoja kikichukua watu 60, na lilizungushwa kwa injini ya mvuke. Kazi kubwa, sikatai. Lakini mwaka 1620 msafiri Mwingereza, Peter Mundy, alipita mji ambao leo ni Plovdiv, Bulgaria, wakati huo ukiwa chini ya Waturuki wa Uthmania. Aliandika habari za namna za bembea walizotumia watu wa huko katika furaha za Bairamu, na Bairamu ni Idi yetu hii hii. Mojawapo ilikuwa gurudumu la kusimama lenye viti vidogo vya watoto, na alistaajabu kwamba mtoto akiwa juu au chini hukaa wima vile vile. Nilipoyasoma hayo nilitoa machozi. Miaka 270 na zaidi kabla ya Chicago, watoto walikuwa wakizungushwa siku ya Idi kama sisi.

Na huko Ulaya kwenyewe wapo wanaojua thamani ya mkono wa mtu, na wameutunza. Nilikwenda kumtembelea mdogo wangu Copenhagen, akanipeleka Tivoli, bustani ya starehe iliyofunguliwa mwaka 1843. Pana reli ya mbao yenye vilima vya kupanda na kushuka, iko tangu mwaka 1914, na mpaka leo kila treni hupanda mshika breki pamoja na abiria. Hakuna treni inayoteremka bila yeye. Luna Park ya Melbourne, Australia, nako kuna reli ya namna hiyo ya mwaka 1912, na mshika breki husimama katikati ya treni. Mimi nilipanda ile ya Copenhagen. Nilikaa karibu na mshika breki nikawa namtazama mkono wake kwenye wenzo, jinsi anavyoulegeza na kuukaza. Kabla ya mteremko aligeuka akatutupia jicho. Mdogo wangu aliniuliza mbona nacheka peke yangu.

Wapo watakaosema bembea ya Makadara ilikuwa hatari. Ilikuwa. Haikuwa na mkanda, na misumari ilichomoza. Binamu yangu alichana kanzu yake mpya hapo, asubuhi yake tu imetoka kwa fundi, na kidole nacho kikachanika. Sitaki irudi na misumari. Pwani hii ina mafundi wa majahazi wanaojua kuuunga mti ukastahimili mawimbi ya kusi, hawashindwi na bembea ya visanduku. Na mkanda wa kumfunga mtoto si kitu cha kutafuta ng'ambo. La muhimu ni kwamba chini wasimame vijana wa mtaa, walipwe vizuri, na wafundishwe kutazama nyuso kabla ya kufundishwa kusukuma.

Tangu swali lenu litoke nimeshakwenda kwa fundi wa milango jirani yetu. Amepima kwa macho, akaniambia nguzo za mvule zitakuwa ghali lakini zitadumu, na mhimili atautafutia mti mmoja usio na fundo. Akaniuliza visanduku viwe vinne au sita. Nimemwambia vinne.