Swali la Barazani

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako wa Jumapili nimeusoma mara tatu, mara ya mwisho kwa sauti ili baba yako asikie. Unasema kwenye kikao cha video meneja wenu Mmarekani alimuuliza yule mwenzenu wa Shenzhen kama makontena sita yatapanda meli bandarini Yantian tarehe 10, na kijana akajibu "mei wenti", hakuna tatizo. Tarehe 10 ikapita, hata kontena moja halijaondoka. Sasa meneja amekugeukia wewe, kwa kuwa hapo ofisini Dubai ni wewe peke yako unayeambulia Kichina, tena kile ulichokiokota jikoni kwangu. Anataka umwambie: huyu jamaa ni mwongo? Nawe unaniuliza mimi umjibu nini.

Baba yako hakungoja nimalize kusoma. "Amwambie ndiyo." Mimi nimekaa nalo siku nne.

Tuanzie nyumbani. Shangazi yako wa Makambako akialikwa harusi ambayo hana mpango wa kwenda, husemaje? "Mungu akipenda tutafika." Hajawahi kusema haji, na hajawahi kuitwa mwongo, kwa sababu hakuna kati yetu aliyewahi kumhesabia sahani. Tunajua anavyosema akiwa anakuja: anauliza magari yanaondoka saa ngapi. Umelelewa ndani ya lugha hiyo, mwanangu. Ndiyo maana nilishangaa kidogo kuona umemsikia kijana wa watu akisema "mei wenti" ukashika yale maneno mawili tu.

Na hilo neno "ndiyo" lenyewe! Ukiulizwa "Hujala?" na kweli hujala, unajibu "Ndiyo, sijala." Unakubaliana na swali. Mchina naye hujibu hivyohivyo. Mmarekani husema "hapana, sijala." Kule mradini, nilikokuwa mkalimani na mpimaji wa zege maabara, RE (Resident Engineer), yule msimamizi mkuu wetu Mmarekani, aliwahi kuuliza kwenye redio kwa Kiingereza, "Bado hamjamwaga zege?" Injinia wa madaraja, Mchina, akajibu kwa Kiingereza chake kifupi, "Yes." RE akaendesha kilomita 40 kwenda kukagua zege, akakuta mbao na nondo. Siku hiyo nilipowaeleza wote wawili ilipotokea tofauti walicheka, na RE akamshika mwenzake begani. Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha, nikadhani kazi yangu ndiyo hiyo na ninaiweza.

Huyo injinia wa madaraja unamkumbuka, mwanangu. Ndiye uliyekuwa ukimwita Mjomba Peremende, kwa zile White Rabbit alizokuwa akikuletea kila akitoka likizo. Mwaka 2009, ulikuwa darasa la tano. Nimekuambia mara nyingi kwamba alirudi kwao. Jinsi alivyorudi sijakuambia.

Ilikuwa kikao cha Jumatatu, kwenye lile kontena la ofisi lenye feni moja. Tulikuwa kama watu 16: upande mmoja wasimamizi, upande wa pili mkandarasi, mimi katikati na daftari langu. RE akamuuliza injinia, "Sakafu ya juu ya kalvati mtaimwaga Alhamisi?" Bosi wake, meneja wa mradi, alikuwa amekaa ubavuni pake, bega kwa bega. Injinia akatazama karatasi, akasema "yanjiu yanjiu".

Hayo maneno maana yake ni "tutalichunguza". Nikatafsiri hivyo, neno kwa neno. RE akaandika kwenye kumbukumbu: mkandarasi kuthibitisha, zege Alhamisi.

Mimi nilijua, mwanangu. "Yanjiu yanjiu" nilifundishwa na maisha. Wuhan, mwaka 1988, niliomba ruhusa ya kutumia maabara Jumamosi. Mzee wa ofisi ya wanafunzi wa kigeni akaniambia kwa tabasamu zuri kabisa kwamba watalichunguza. Nikasubiri muhula mzima. Kila wiki naenda, kila wiki tabasamu. Mwisho mwenzangu wa chumbani, yule wa chupa ya maji ya moto, akaniambia usiku taa zimeshazimwa, "Dada, walishakukatalia wiki ile ya kwanza. Unawatesa kwa kurudi." Nililia, kisha nikamshukuru. Nilikuwa nimemaliza mwaka mzima wa lugha Beijing na sikufundishwa kitu kikubwa kuliko hicho.

Kwa hiyo Jumatatu ile, pale mezani, nilisikia "hapana". Nilisikia hata sababu yake, maana mimi ndiye nilikuwa maabara asubuhi: mchanga ulioletwa ulikuwa na udongo mwingi, na aliyeamua ununuliwe ni yule yule aliyekaa bega kwa bega naye. Angesemaje? Mbele ya bosi wake, mbele ya mafundi, mbele ya mgeni? Uso wa mtu, Wachina huuita mianzi, na kwa herufi zetu neno hilo linaandikwa sawasawa na mianzi yetu ya kujengea. Mianzi ya yule kijana na ya bosi wake ilifungwa kamba moja. Aseme "hapana" na wote wawili wadondoke.

Ndiyo maana sichoki kukuambia: swali la barazani lina jibu la barazani. Unayemuuliza mtu mbele ya wakubwa wake hujamuuliza anachojua. Umemuuliza anachoweza kusema pale.

Zege likamwagwa Alhamisi, kwa mchanga uleule. Unajua tunavyopima: zege hujazwa kwenye visanduku vya chuma vya sentimita 15 kila upande, likiganda kyubu zinazotoka humo zinawekwa kwenye maji, nyingine zinavunjwa siku ya 7, nyingine siku ya 28. Siku ya 7 mashine ililia mapema mno. Mkono wangu ulikuwa kwenye valvu, nikaona mshale umesimama pasipostahili. Kyubu ikikatika vizuri hubaki na kiuno, kama mapiramidi mawili yaliyogusana vichwa. Ile ilimeguka ovyo, na ndani kulikuwa na madonge ya udongo mekundu makubwa kama punje za mahindi.

Kikao kilichofuata RE aliingia na ile kyubu iliyovunjika, akaiweka mezani juu ya karatasi za kumbukumbu. Vumbi lake likatambaa hadi kwenye daftari langu. Akauliza, kwa sauti ya kawaida tu, "Nani aliniambia hii itakuwa sawa?"

Nami nikatafsiri. Neno kwa neno.

Injinia akasimama. Akasema samahani, kosa ni lake. Bosi wake akatazama feni. Wiki tatu baadaye kitanda cha injinia kambini kilikuwa kitupu, na mlangoni kwetu asubuhi nikakuta kopo jekundu la chai, bila karatasi. Sikumwandikia. Nilikuwa na anwani yake ya kwao Hubei na sikumwandikia.

Baba yako husema nilifanya kazi niliyoajiriwa. Ana haki ya kusema hivyo. Mkalimani analipwa kwa maneno. Angeanza kila mkalimani kutia fikra zake, kungekuwa na mikataba? RE angeweza kuniuliza, "Hilo umesikia au umedhani?" na ningebaki sina jibu. Lakini wahenga walisema aibu ya maiti aijuaye mwosha, na mimi nilikuwa mwosha pale. Na mwosha anayejua halafu akaacha sanda ifunuliwe mbele ya umati, amefanya kazi aliyoajiriwa?

Halafu nageuka upande wa pili. RE hakuwa mtu mbaya. Mwezi uleule alimkimbiza mke wa dereva hospitali saa nane usiku kwa gari lake, akakaa naye hadi asubuhi. Aliamini kwa moyo wote kwamba kasoro ikisemwa wazi inatibika, na kwamba kuificha ni kuwadhulumu watakaopita juu ya daraja. Na kweli, juu ya kalvati ile leo yanapita mabasi ya abiria 65. Stara ni kitu kikubwa kwangu, nimekulea nayo, lakini zege bovu halina stara. Ilibomolewa, ikamwagwa upya kwa mchanga uliooshwa, na nimepita juu yake mara nyingi nikiwa na amani. Kwa hiyo alikuwa sahihi. Alikuwa sahihi, na njia yake ilimmaliza mtu ambaye angemwambia ukweli uleule Jumatatu saa kumi jioni, wawili peke yao, kwenye ngazi ya kontena, kama angeulizwa.

Baadaye sana nilisoma alichoandika Edward T. Hall, Mmarekani mwenyewe, mwanaanthropolojia, mwaka 1976: kwamba kuna watu wanaoweka maana ndani ya maneno, na kuna wanaoiweka nje ya maneno, katika nani yupo na nini tayari kinajulikana. Nilitikisa kichwa kukubali. Lakini meneja wako asijidanganye kwamba yeye husema kila kitu wazi. Mmarekani huficha lawama. RE alikuwa akianza, "Kazi nzuri sana, nimeipenda, nina mawazo mawili matatu tu," na hayo mawazo mawili matatu ndiyo yalikuwa barua ya onyo. Wachina walikuwa wanatoka kikaoni wakiwa na furaha, wamebeba ile "kazi nzuri sana", kisha wiki ijayo wanashangaa mtu amekasirika. Mchina anafunika kukataa, Mmarekani anafunika kukosoa. Kila mmoja humwona mwenzake mnafiki pale tu ambapo mwenzake anafunika na yeye hafuniki. Muulize yule wa Shenzhen siku moja anavyomwona meneja wenu. Utashangaa.

Babu yako, Mungu amrehemu, alifanya kazi kwa wote wawili. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Wamarekani walikuwa wakigharamia sehemu ya barabara kuu ya kwenda Zambia, na Wachina wakijenga TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Kuanzia Makambako, njia hizo mbili huelekea Mbeya zikiwa majirani. Nchi zao hazikuwa hata na ubalozi baina yao; uhusiano ulifunguliwa Januari 1979, reli ilikwishakabidhiwa tangu 1976. Babu alianzia barabarani akahamia relini. Alisema kwa msimamizi Mmarekani ukikosea anakufokea mbele ya watu wote, na jioni anakupa sigara, yamekwisha. Mtaalamu wa Kichina hafoki. Anachukua sururu mkononi mwako, anaifanya kazi upya mwenyewe, na wewe umesimama unatamani ardhi ipasuke. Tukimuuliza yupi alikuwa bora, alikuwa akijibu, "Inategemea kosa."

Nami nimeshika hapo hapo pa babu, ingawa ulimi unaniwasha. Kuna sentensi nimeiandika hapa nikaifuta mara mbili, inayoanza na "Mwambie meneja wako kwamba..." Nimeifuta kwa sababu ofisi ni yako, mimi sijamwona usoni yule kijana, na inawezekana kabisa ni mwongo. Waongo wapo Shenzhen kama walivyo Makambako. Sikusikia sauti yake. Kichina hukaa kwenye sauti: "mei wenti" ya haraka, inayokuja na tarehe na jina la meli, ni kitu kimoja. "Mei wenti" inayovutwa, mtu ameshusha macho, ni kitu kingine. Ile ya haraka ndiyo sawa na shangazi anapouliza magari yanaondoka saa ngapi.

Swali la barazani lina jibu la barazani. Najua nimeshalisema. Nililisema pia kwa RE, mwaka mmoja umechelewa, siku tuliyomuaga. Alinyamaza kitambo, akaniuliza kwa nini sikumwambia siku ile. Nilimjibu kwamba hakuniuliza. Ni kweli, na ni jibu ambalo sijawahi kulipenda.

Kwa hiyo kabla sijasema lolote juu ya uongo, nijibu haya, na unijibu kwa simu, siyo kwa maandishi. Kwenye kile kikao cha video, bosi wa yule kijana alikuwepo? Wewe ulisikia nini alipojibu, ukiwa umekaa palepale? Na kuanzia siku ile hadi tarehe 10, kuna mtu aliyempigia akiwa peke yake?

Kopo jekundu bado lipo kabatini. Lile unaloweka vifungo.

Mama yako