Mtoto mwenye usonji anayekataa mswaki: kwetu kumshika kwa nguvu kulizidisha tatizo

Dada uliyeuliza kuhusu kijana wako wa miaka 5 mwenye usonji anayefumba mdomo akiona mswaki, na ndugu wanakwambia mumshike watu wawili: pole sana. Nami nilimshika wangu hivyo karibu mwaka mzima. Ikafika mahali akisikia tu bomba la bafuni linafunguliwa, anakimbilia uvunguni mwa kitanda. Hapo nikaacha.

Nilichelewa kujua kinachomtesa. Dawa ya meno yenye mnanaa ilimuwasha kama pilipili, na povu lilimfanya ahisi anapaliwa. Tukahamia dawa isiyo na ladha wala povu, ila nikasoma boksi kuhakikisha ina floridi isiyopungua 1000 ppm (kipimo cha wingi wa floridi kwenye dawa), maana hiyo ndiyo inayolinda jino. Kwa umri wa wako, kiasi cha punje ya njegere kinatosha. Mswaki uwe wa nyuzi laini kabisa.

Kisha tukaanza upya, taratibu kuliko nilivyotaka. Siku za mwanzo mswaki ulikaa tu kati ya midoli yake. Baadaye akaushika. Baadaye nikamgusa shavu, kisha midomo, kisha jino moja la mbele, huku nahesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, halafu natoa. Nikishasema tatu sifiki nne, hata kama naona mabaki ya chakula. Aliniamini kwa sababu ya ile tatu. Kufika magego kulichukua miezi. Mpaka leo nasimama nyuma yake mbele ya kioo, kichwa chake kimeniegemea tumboni, ili auone mkono unakotokea.

Na hili lishike sana. Mwanangu haongei. Kuna kipindi alianza kujipiga shavu la kushoto, kutafuna kola za mashati, kukataa chakula cha moto, na usiku halali. Wote tukasema ni usonji tu. Kumbe gego lilikuwa limetoboka na usaha umeanza. Bado roho inaniuma. Tabia ikibadilika ghafla, mdomo ukaguliwe mapema.

Kwa daktari wa meno, piga simu kabla, ueleze hali yake, uombe nafasi ya kwanza asubuhi msisubirishwe. Ziara yetu ya kwanza alipanda kile kiti, akashuka, tukaenda zetu. Miwani ya jua ilimsaidia na ile taa, na vizibo vya masikio na kelele za mashine. Uliza pia kuhusu floridi ya fedha (kwa Kiingereza silver diamine fluoride): inapakwa tu, hakuna kuchimba jino wala sindano, na mara nyingi inasimamisha uozo. Sehemu iliyooza inabaki nyeusi. Mimi niliukubali weusi huo kwa meno yake mawili ya utotoni. Gego lile lilishapita hapo, liling'olewa kwa nusu kaputi. Mkifikia huko, omba meno yote yanayohitaji tiba yatibiwe kwa usingizi huo huo mmoja.

Pipi za kumtuza anapofanya vizuri, badilisheni. Sisi tulihamia stika.

Niambie, wako anaongea? Na akila, anatafuna pande zote mbili au kuna upande anaukwepa? Kama anaukwepa, usisubiri azoee mswaki, mpeleke wiki hii.