Bango la mwanamke anayesoma kwa siri
Ndugu yangu, umeeleza kwamba shirika la hisani la wanawake limekuomba ulibunie mabango ya kuelimisha watu juu ya ukatili wa majumbani, nawe unauliza kama picha ya mwanamke mwenye jicho lililovimba itafaa. Kazi hii nimeifanya kwa kujitolea kwa miaka kadhaa, na bango langu la kwanza lilikuwa hivyo hivyo: uso wenye michubuko, weusi nyuma yake, na maneno "Vunja ukimya" kwa herufi kubwa nyekundu. Mama mmoja wa shirika, ambaye mwenyewe aliyapitia hayo, alilitazama kwa muda, kisha akaniambia kwamba enzi zile asingethubutu kusimama mbele yake hata kidogo, kwa kuwa yeyote ambaye angemwona angejua kilichomsimamisha. Tena mumewe hakuwahi kumpiga; alimnyang'anya mshahara, akamkataza kwenda kwa ndugu zake, akawa anakagua simu yake kila jioni. Angeiona picha ile, angejiambia kwamba yanayompata yeye si ukatili.

Tangu hapo, kabla sijachora mstari wowote, huuliza bango litabandikwa wapi na msomaji atakuwa na nani pembeni. Lile la mahali pa wazi lizungumze na majirani, wakwe na marafiki, kwa sababu hao wanaweza kulisoma bila hofu. Linalomlenga mwanamke mwenyewe mahali pake ni nyuma ya mlango wa choo cha wanawake, kwenye usawa wa macho ya aliyeketi, saizi ya A4 ikitosha kabisa, na chini yake viwepo vipande vya namba ya simu vilivyokatwa tayari ili vichanike kwa urahisi. Kipande kibebe namba tupu, pasipo jina la shirika wala neno ukatili, maana huenda kikakutwa mfukoni. Mimi nikishabandika huchana kimoja au viwili mwenyewe, kwa kuwa mtu husita kuwa wa kwanza. Msimbo wa QR siupendelei hapa: ukurasa uliofunguliwa hubaki katika kumbukumbu ya simu ile ile inayokaguliwa, ilhali namba inaweza kupigwa kwa simu ya mtu mwingine.

Katika maneno, taja vitendo. "Je, unaomba ruhusa ya kutumia pesa zako mwenyewe?" humfikia yule ambaye neno ukatili halimfikii. "Vunja ukimya" nimeliacha, kwa sababu linamtwisha mzigo mtu ambaye huenda ukimya ndio unaomlinda usiku huo.

Kuhusu rangi, zambarau ina historia: mwaka 1908 wanawake waliodai haki ya kura nchini Uingereza waliichagua pamoja na nyeupe na kijani. Rangi ya chungwa nayo hutumika sana katika siku 16 za kupinga ukatili wa kijinsia, kuanzia Novemba 25 hadi Desemba 10. Hata hivyo, maandishi meupe juu ya chungwa hayasomeki vizuri. Miongozo ya usomekaji hutaka utofauti wa mng'ao kati ya maandishi na rangi iliyo nyuma yake wa angalau 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida, na zambarau iliyokoza juu ya nyeupe huuvuka bila taabu. Kwa mpiga chapa, peleka faili lenye rangi za CMYK (mfumo wa wino nne za uchapaji), picha za nukta 300 kwa inchi, na milimita 3 za ziada kila upande, zitakazokatwa.

Nakala ya majaribio ikifika, piga namba iliyoandikwa juu yake ukiisoma kwenye karatasi yenyewe, wala usitegemee uliyoihifadhi. Mara moja nilikuta tarakimu mbili zimebadilishana nafasi, na aliyepokea alikuwa mwanamume asiyehusika kabisa na shirika, huku mashine ikisubiri neno langu ili ichapishe nakala 500.