Foleni na moshi wa Dar: mmeuliza, najibu

Niliomba maswali ya foleni na moshi wa Dar mmetuma mpaka simu ikawa inagoma kufungua meseji. Nimechukua saba. Wale mliotuma matusi ya madereva wa daladala nimeyasoma pia, nimecheka, siyaandiki hapa.

Swali: Kila asubuhi saa 12 nasubiri daladala Buguruni na mwanangu wa miaka minne, anakohoa mno. Ni baridi au moshi? (Mama, Buguruni)

Jibu: Pole dada yangu. Kwanza kabisa mpeleke akasikilizwe kifua, usije ukawa unahangaika na moshi kumbe mtoto ana pumu. Ila baridi ya Dar ya kumkohoza mtoto kila siku labda Julai, miezi mingine nakataa. Asubuhi ile hewa inakuwa imelala, upepo wa bahari bado haujaamka, kwa hiyo moshi wa mkaa wa jana usiku na wa taka zilizochomwa unakuwa bado uko pale pale chini halafu magari nayo yanaongezea wa kwao. Ikifika saa nne tano upepo ukianza kuingia ndio unaona kifua kinafunguka. Na mtoto wa miaka minne pua yake iko chini karibu na bomba la moshi, wewe mwenzie umesimama juu unapata afadhali. Nilisimama kituoni hapo siku moja, Coaster ikaja, konda akagonga bati, dereva akakanyaga mafuta kwa hasira, wingu jeusi likamfunika mwanafunzi wa shati jeupe mpaka nikawa naona miguu tu. Nikajifuta paji la uso na leso, ikatoka kama nimefuta sufuria.

Sasa kinachoumiza zaidi ni kile usichokiona. Kuna chembe za upana wa mikroni 2.5 kushuka chini, unywele wako ni kama mikroni 70, hizo pua haizizuii zinashuka mpaka ndani kabisa ya mapafu. Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 lilishusha kiwango chake kutoka mikrogramu 10 kwenda 5 kwa kila mita ya ujazo ya hewa, kwa wastani wa mwaka, maana waliona hata kidogo kinadhuru. Kwa hiyo fanya hivi, usisubirie ukingoni mwa lami, rudi nyuma hatua ishirini hivi, simama upande upepo unakotokea, gari lako likiitwa ndio mtembee. Utagombania siti kidogo, najua.

Swali: Fundi kaniambia nitoe masega (kile kisafisha moshi kwenye bomba la ekzosi) kwenye IST yangu gari itakuwa nyepesi, na hela ya kuyanunua atanipa yeye. Nitoe? (Kijana, Kimara)

Jibu: Mdogo wangu, fundi gani anakulipa wewe akutengenezee gari? Hapo tu ungeshtuka. Ndani ya yale masega kuna platinamu, paladiamu na rodiamu, madini ya bei kubwa, na ndio anayoyataka. Kazi yake kwenye gari ni kupokea moshi wa injini ukiwa na sumu zote, ile kaboni monoksaidi inayoua watu wanaolala na jiko la mkaa, na petroli ambayo haijaungua vizuri, na kuzigeuza ziwe hewa isiyo na madhara makubwa kabla hazijatoka nje. Ukiyatoa, taa ya injini itakuwakia kwenye dashibodi, harufu itakuwa inawasha macho, na aliyeko nyuma yako kwenye foleni ndio atakula hiyo sumu. Kama kweli yameziba gari inakosa nguvu, basi kuna kitu kimeyaziba, plagi zimechoka au injini inakula oili, hilo ndilo la kutengeneza. Zamani tulikuwa na kisingizio cha petroli yenye madini ya risasi maana inaua masega, lakini hiyo Afrika kusini mwa Sahara tuliachana nayo tangu mwanzoni mwa 2006.

Swali: Kwa nini trafiki anaongoza magari wakati taa zinawaka vizuri tu? (Limeulizwa na watu kumi na zaidi)

Jibu: Hili naona lina machungu. Tumtendee haki trafiki kwanza. Taa nyingi zinahesabu sekunde tu, hazina macho, zinaweza kukupa kijani barabara iko tupu na upande wa pili watu wamejaa mpaka mtaa wa nyuma. Yeye anaona. Halafu kila magari yanapobadilishwa upande kuna sekunde kadhaa hakuna anayetembea, hawa wanafunga breki wale wanaanza kutafuta gia, kwa hiyo akiita upande mmoja muda mrefu kidogo zile sekunde zinapotea mara chache. Mpaka hapo yuko sahihi.

Shida ni akizidisha. Dakika mbili za mwanzo magari yanapita yamebanana, ya dakika ya sita yanakuja moja moja kwa mwendo wa harusi na yeye bado anaita tu, huku upande uliozuiwa mkia wake umeshafika makutano ya nyuma umeyaziba na yenyewe. Na wale aliowaachia wote kwa mkupuo wanakwenda kurundikana kwenye taa za mbele ambako kuna trafiki mwingine na hesabu zake. Kuna makutano siyataji nilikaa dakika 14 kwa saa yangu, muuza karanga kanipita mara tatu, ya tatu akaniuliza "bosi bado upo?" Nikanunua kwa aibu. Dakika zote hizo injini zinaunguruma, mafuta yanaungua na hakuna aliyesogea hata hatua. Kama gari yako inawaka bila kubembelezwa, ukiona umeshikwa zima. Wenye Coaster za zamani siwaambii kitu, wakizima abiria watashuka kusukuma.

Swali: Mimi ni mzee wa Ukonga, naona serikali ingejenga madaraja ya juu kila makutano tukapumzika. Unasemaje?

Jibu: Shikamoo mzee wangu. Wewe wa Ukonga umeliona la Mfugale pale Tazara tangu 2018, unafuu upo nani atabisha, na Ubungo la Kijazi likafunguliwa 2021. Lakini nikuulize mzee, foleni iliisha au ilihama ikaenda kutusubiri mbele? Barabara ikipanuka kuna mtu alikuwa ameacha gari nyumbani kwa kuogopa foleni, akisikia kuna nafuu analitoa, na jirani yake anaagiza la kwake Japani, miaka miwili mitatu mko pale pale. Mimi hela yangu ningeiweka kwenye mabasi. Basi moja refu la mwendokasi, yale yenye njia yao peke yao, linabeba watu zaidi ya mia, hao hao ukiwagawa kwenye IST mmoja mmoja, maana ndivyo tunavyoendesha, wanajaza barabara nzima mpaka huoni mwisho.

Mwendokasi ilianza Mei 2016 na mabasi 140, Kimara mpaka Kivukoni na matawi ya Morocco na Gerezani, kilomita 21 hivi, na Dar ikapata tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu ya 2018. Tukashangilia. Halafu watu wanaongezeka, sensa ya 2022 imetukuta milioni 5.38, mabasi hayakuongezeka kwa kasi hiyo, abiria wanapandia dirishani na mvua ikinyesha bonde la Jangwani linakuwa bwawa njia inafungwa. Njia tayari ilishajengwa mzee, kinachokosekana ni mabasi ya kutosha yanayokuja kwa wakati. Mtu wa gari yake akiona basi linapita kila dakika tatu na kuna pa kushika, ufunguo ataacha mwenyewe mezani.

Swali: Kwa nini wasipange plate namba, leo zinazoishia na shufwa kesho witiri? (Msomaji, Sinza)

Jibu: Mexico City walijaribu mwaka 1989, kila gari ilipangiwa siku moja ya wiki isitoke kufuatana na namba. Watu wakanunua gari la pili kuukuu lenye namba tofauti. Hapa kwetu ingekuwa wiki moja tu. Kulipisha kuingia mjini kama London walivyoanza 2003 kuna mantiki, ila mtu wa London akiacha gari ana treni chini ya ardhi, wewe wa Sinza utaingia kwenye nini?

Swali: Bajaji yangu inatoa moshi wa bluu, nikifunga mtambo wa gesi itumie badala ya petroli, utaisha?

Jibu: Hapana kaka. Bluu ni oili inaungua, mara nyingi ringi zimeisha, ukifunga gesi utakuwa unaunguza gesi na oili. Tengeneza injini kwanza. Baada ya hapo gesi ni safi kuliko mafuta, ukivumilia foleni ya kujaza.

Swali: Jirani anachoma taka kila Jumamosi usiku na mifuko ya plastiki humo humo. Najua haihusiani na foleni. (Dada, Tabata)

Jibu: Inahusiana sana, hewa ni hiyo hiyo moja, na plastiki ikiungua inatoa sumu mbaya sana. Kabla hujaenda kwa mwenyekiti wa mtaa muulize gari la taka lilipita lini, mara nyingi utakuta wiki mbili halijaonekana na yeye ana watoto na inzi. Sisi mtaani kwetu tulichangishana elfu mbili kila nyumba kwa wiki, vijana wa mkokoteni wanakuja kuchukua. Nyumba moja ikagoma kulipa, ndio ile ile iliyokuwa inachoma. Mpaka leo tunamlipia.